Mstari Mrefu wa Josepha

Jumatatu, 9 Juni 2025
Ng'washi wa Kigwa kanitia aibu mashineni leo. Nimemkobolea mpunga wake, nikampimia mchele mbele ya macho yake: debe nne. Akaumwaga kwenye turubai, akaanza kelele. Eti nimemwibia! Mchele ukitandazwa si lazima uonekane kiduchu? Nikauzoa, nikaupima tena. Debe nne. Hata samahani hakusema. Macho ya watu – bure kabisa.

Alhamisi, 12 Juni
Josepha kaidaka habari ya Ng'washi kama mpira. Anawazungukia wanakikundi wote hapa Chemchem: mashine inapunja watu, tuiuze tugawane. Mashine ya kikundi chetu akina mama! Inayonilisha mimi na Hafsa wangu! Jumamosi tunaamua.

Jumamosi, 14 Juni
Upuuzi mtupu. Mzee Sabiri, mlezi wa kikundi, kasema wanaotaka kuuza wajipange nyuma ya Josepha, wasiotaka nyuma yangu. Wangu wakabanana kwenye kivuli cha ukuta kama dagaa. Wa Josepha wakaachiana nafasi, kila mtu na mwavuli wake, mpaka barabarani. Mzee akatazama huku, akatazama kule.
"Mstari wa Josepha mrefu. Tunauza."
"Baba, nakuheshimu, lakini tuhesabu."
"Watu si ng'ombe, Anifa. Kuwahesabu ni nuksi. Macho yanatosha."
Macho! Kundi langu lilikuwa kubwa, hata kipofu angeliona. Nikawaambia wote ni wajinga. Kwa sauti.

Jumapili, 15 Juni
Asubuhi kwa Mzee Sabiri. Shikamoo, marahaba, kisha nikamkalia kooni. Kuku wako unawahesabu kila jioni, sisi tumekosa nini? Kasema atafikiri. Afikiri kwa kutumia nini!

Jumanne, 17 Juni
Kumbe Hafsa alipiga picha Jumamosi. Nimeikuza kwenye simu mpaka naona kila mtandio. Wa Josepha: ishirini na saba. Haya. Wangu: ishirini na wawili.
Simu mbovu hii. Nikahesabu tena, kichwa kimoja kimoja, kwa njiti ya kiberiti. Ishirini na wawili. Hafsa naye kahesabu. "Ishirini na mmoja, mama. Huyu wa pembeni anauza karanga."
Sasa hivi Mzee Sabiri yuko barazani. Namsikia anamwambia Hafsa: mama yako ana haki, nilikosea, kesho tunajipanga upya na tunahesabu mtu mmoja mmoja. Anataka nitoke nitaje saa. Nimesema naandika kidogo, nakuja.
Hafsa kaingia. Ananitazama, kanyoosha mkono – anataka simu yake.
Nimeikalia.