Hodi ya Tatu

Mama,

Wanasema maiti hasemwi. Mimi sikusemi, nasema nawe, na nasema kwa hasira, kwa hiyo lala vizuri unisikilize. Nimerudi Unguja tangu kabla ya mfungo, cheti cha uuguzi ninacho, kazi nimepewa, na adabu zako bado zinanitesa.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Tulikuwa tukienda kwa watu, wewe na buibui lako, mimi na sahani mkononi. Tukifika mlangoni unanivuta pembeni, nisije nikaona ndani. Hodi ya kwanza wenyewe wasikie. Ya pili wajisitiri. Ya tatu wakaribishe. Wasipoitika, shika njia yako, hata kama unawasikia wanacheka huko ndani. Siku niliyochungulia kwa Bi Time, jirani yetu wa mlango wa pili, ulinifinya paja mpaka likavimba. Somo liliingia, Mama. Liliingia mno.

Niliposafirishwa kwenda Ujerumani ya Mashariki kusomea uuguzi, ulinifungia pilipili za kukausha, ubani na kanga mbili. Pilipili zilikwisha upesi. Ubani, mwangalizi wa bweni aliudhania moto, akaja mbio na ndoo ya maji. Kanga zilichakaa. Kilichodumu ni ile hodi. Kule hospitali kila chumba kina mlango, na kila mlango umefungwa kwa ajili ya baridi. Basi mimi nagonga mara tatu, nikinyamaziwa napita zangu. Wenzangu wakaniona mvivu. Mimi nikijiona nimelelewa.

Mpaka siku ya yule mzee fundi saa. Nilimpelekea dawa, nikagonga, kimya. Nikagonga tena, kimya. Ya tatu, kimya. Nikajisemea labda anavaa nguo, nikaenda zangu. Kumbe mzee wa watu yuko chini, ameanguka baina ya kitanda na ukuta, sauti haimtoki. Mwenzangu ndiye aliyemkuta. Alipona, alhamdulillahi, lakini sista mkuu alinisimamisha mbele ya wanafunzi wote akaniuliza nilikuwa nangoja nini. Nikamjibu nilikuwa nangoja anikaribishe. Wenzangu walicheka mpaka wakashikana mabega. Yeye hakucheka. Alisema, "Mgonjwa asiyekujibu ndiye anayekuita."

Nikakuandikia kisa chote, nikitaraji pole. Jibu lako likaja kwa mkono wa Bi Time, maana wewe kalamu hukuijua na yeye ndiye aliyekuwa akikuandikia. "Umefanya adabu, mwanangu. Wao ndio hawakufunzwa." Mama! Mtu amelala sakafuni, nawe wanisifu! Nilicheka, kisha nikatamani ungekuwa karibu nikugombeze.

Nilikuwa nimebakiza mtihani wa mwisho ilipokuja telegramu. Ulikuwa umeshazikwa. Hakuna aliyenieleza ulikufaje. Nilikuja kuambiwa hapa Mkunazini, barazani petu, sanduku langu bado sijaliingiza ndani, na aliyeniambia ni Bi Time mwenyewe. Ulikuwa na mafua, akakupikia uji wa pilipili manga. Baada ya alasiri akaja nao, akapiga hodi mara tatu. Hukuitika. Akasema labda umelala, labda unasali. Akarudi na uji wake. Asubuhi yake ndipo watu walipokukuta sakafuni, umepigwa na kiharusi, mdomo umekwenda upande, bado unapumua. Adhuhuri haikukukuta.

Na ule mlango, Mama. Haukuwa na komeo. Ulikuwa umerudishwa tu.

Najiuliza kama uliisikia hodi yake. Najiuliza kama ulijaribu kuitika. Siku ile sikumuuliza Bi Time neno. Nilinyanyua sanduku nikaingia ndani, na tangu hapo nikawa simsemeshi.

Mambo mengine yamebadilika. Mchele na sukari sasa ni kwa foleni, na wewe usiyependa kusukumana ungekunywa chai kavu. Kule Michenzani wanajenga majumba marefu yenye milango mingi, nami nikiiona naichokea kabla haijafunguliwa. Maana kazi yangu ni kuzunguka majumbani, kuangalia wanawake waliojifungua na wazee. Nagonga mara tatu, wasipoitika naingia. Wanawake wananipigia kelele nimewakuta vichwa wazi. Mzee mmoja wa Mpendae alinirushia kiatu. Naomba radhi huku nawapima homa.

Lakini nyumbani kwetu, hodi niliitumia vingine. Kila Ijumaa Bi Time alikuja na bakuli la muhogo wa nazi, amelifunika kawa. Anapiga hodi. Mimi niko ndani, redio inaimba, anajua nipo. Sijibu. Anamaliza ya tatu, nasikia kandambili zake zikirudi polepole kwake. Nilimwadhibu kwa adabu yako, Mama, na hakuwa na la kufanya, maana ndivyo naye alivyolelewa. Baadaye nakaa nakumbuka yule fundi saa. Angekufa siku ile, binti yake, kama anaye, angenifanya nini mimi? Nalijua hilo, na Ijumaa inayofuata nanyamaza tena. Moyo ukishakuwa mgumu hauambiliki.

Ijumaa iliyopita akaja. Hodi. Hodi. Hodi. Nikakaa kimya nikingoja kandambili. Hazikwenda. Mlango ukasukumwa, na Bi Time, mtu mzima yule ambaye maisha yake yote hajaingia nyumba ya mtu bila kukaribishwa, akaingia na bakuli lake. Salamu hakutoa.

"Nshakwenda zangu mara moja," akasema. "Leo siendi."

Nililia, Mama. Sikukulilia hivyo hata siku ya telegramu. Alinikalisha kitako, akanilisha ule muhogo kwa mkono wake huku ananikemea kwamba nimekonda, mnuko wa hospitali umeniingia mpaka kwenye nywele, na kama ningekuwa mwanawe angenichapa. Nikamwambia anichape. Akasema mkono una kazi ya kulisha.

Basi, nakuaga. Nimekusamehe adabu zako, nawe nisamehe kwa kuzivunja. Nakuahidi hodi ya kwanza nitapiga wasikie, ya pili wajisitiri, na ya tatu nitaipiga mkono wangu umeshashika kitasa. Bi Time nitamtazama mpaka mwisho wake, na kwake mlango hautanizuia.

Na siku nitakapokuja huko uliko, nitapiga hodi moja tu. Uitike, Mama.

Mwanao,
Zuhura