Majirani Niliowafuta

Shoga, sikia yaliyonikuta leo hapa studio kwangu.

Mteja mmoja, mtaalamu wa nyota, aliniletea picha ya galaksi nimchapie, ile kama gurudumu la nyota. Nikaisafisha kama picha za harusi. Vidoadoa vya pembeni vyote, futa!

Kaja kuichukua, kaduwaa. "Majirani zake wako wapi?"

Nikamjibu vile vidoa vilikuwa uchafu. Eti uchafu!

"Dada, kila kidoa ni galaksi nzima. Hii kubwa inazivuta, haziwezi kuiacha."

Haziwezi kuiacha! Nikainua macho ukutani, kwenye picha ya mama niliyoitengeneza kwa ajili ya msiba wake. Unakumbuka, pichani sote tulikuwa tumemzunguka, nikatufuta abaki peke yake.

Shoga, leo ndiyo nimeona. Mama bado ameegemea pale nilipojifuta.