Sambaza ya Mama Lucie

Dzaleka, 18 Oktoba 2009

Mutoto wangu Charlène,

Jambo sana. Uko muzima? Kazi ya kupikia bantu haijakuchosha? Siye huku mu kambi tuko, Mungu anatuchunga. Ni joto tu, bati la nyumba linawaka toka saa tatu ya asubuhi. Baba yako Télesphore anakusalimia. Figo bado zinamusumbua na miguu inavimba, lakini utani hajaacha. Jana ameniambia nisinunue tena makaa, nipike tu juu ya bati.

Usipa, zile samaki ndogo yenye ulituma na Cirhuza ilifika ingali mbichi, na barafu haijayeyuka yote. Yule mushoni anakuja Lilongwe kutafuta vitambaa, kumbe amekuwa posta yetu! Nilipika ile samaki sawa tulivyokuwa tunapika sambaza ya ziwa letu kule Bukavu. Unakaanga mpaka inalia kwenye meno, halafu nyanya, kitunguu, na ndimu mbili. Nikakatia na embe bichi moja, juu ya huku maembe yanaanguka hata mu njia. Munganga wa hospitali amemukataza Baba chumvi, basi ndimu njo inamudanganya ulimi. Alikula sahani mbili, akaangalia na yangu.

Patroni wako akitaka samaki, mujaribishie hiyo.

Mama yako,
Godelive


Lilongwe, 5 Novemba 2009

Mama yangu mupenzi,

Aksanti ya barua. Niko muzima, nimenenepa hata, juu ya kuonja masufuria. Baba anaendelea namna gani? Mwambie asikule sahani ya mama yangu, nitasikia.

Mama, nimefaulu! Siku ya posho, jumamosi, patroni wangu Mai Chirambo alileta nyumbani wenzake batano ba kazi, ba kule Capital Hill ku biro za serikali, bantu ba tai shingoni. Nikapika samaki tatu kubwa za chambo na embe bichi na ndimu, na nsima, ugali ya huku, na mwisho masuku mu bakuli, yale matunda ya pori yenye banauza barabarani. Bwana mumoja alilamba vidole mbele ya mukubwa wake! Mai akaniita pale pale. Nikadhani mwiba umekwama mu koo ya mutu. Kumbe anauliza nani alinifundisha. Nikasema, mama yangu.

Na ile habari ya kuhamia Canada, bale ba biro ya bakimbizi bado bako kimya?

Mutoto wako,
Charlène


Dzaleka, 22 Novemba 2009

Charlène wangu,

Habari ya siku? Siye tuko na furaha na woga pamoja. Baliita majina! Mi, Baba, na we, siye batatu ba karte moja ya ukimbizi. Interviu ni tarehe 2 Desemba, saa mbili ya asubuhi. Omba Mai ruhusa, hata kwa magoti. Munganga amesema Baba akienda Canada batamutibu figo. Akibaki hapa, hakumaliza maneno, akaita mugonjwa mwingine.

Bataingiza kila mutu peke yake. Jirani yetu Ntahomvukiye anafundisha batoto yake majibu usiku na muchana sawa katekisimu. Mi nimekataa. Siye hatuna uongo wowote. We ni mutoto wangu tangu Lucie, dada yangu, alikuachia mu mikono yangu, na mutoto wa dada ni mutoto wako. Njo nilivyosema siku tulifika hapa, njo baliandika. Basi bakikuuliza juu ya kwetu, sema tu yote yenye moyo unakumbuka.

Mama yako,
Godelive


Lilongwe, 6 Desemba 2009

Mama yangu,

Uko salama? Baba amelala muzuri? Unisamehe nilitoka mbio bila kuaga, Mai alinipa siku moja tu na minibasi ya mwisho ilikuwa inaondoka.

Ile interviu, mama, nilikuwa natetemeka bure! Yule bibi wa kuuliza maswali alikuwa mupole, akanipa maji. Akaniuliza: "Mama yako kule Bukavu alikuwa anapika nini wakati wa joto?" Nikasema sambaza. Akauliza anatia nini ndani. Na pale, sijui ilitoka wapi, niliona prune, yale matunda mekundu ya kwetu yenye uchachu. Mama anamenya kwa meno, anakamulia mu sufuria, hakaangi kwanza, na supu inakuwa nyekundu kabisa. Bibi akauliza anakata kitunguu na mukono gani. Nikasema wa kushoto. Akauliza sura yake, nikasema alikuwa na mwanya na alama ya moto hapa ku shingo. Machozi yakanitoka, mama. Miaka kumi na mbili sijaona ile sura, na ilikuja yenyewe na harufu yake yote!

Ilikuwa Mama Lucie, najua. Lakini yeye aliuliza mama tu, na kwangu bamama babili bamekuwa mumoja. Bibi aliandika yote akatabasamu. Nafikiri tumepita.

Mutoto wako,
Charlène


Dzaleka, 14 Machi 2010

Charlène,

Uko muzima? Nimekaa miezi mitatu bila kukuandikia. Nilikuwa naanza barua, nachana.

Baliniita tena. Bakaniweka mbele ya ile karatasi yako. Mi siku ile nilisema ninakaanga na ndimu. Na mukono wangu ni wa kulia, we unajua, na mwanya sina. Bwana mumoja akaniuliza kwa sauti ya chini sana: "Mama, huyu mutoto ulimuzaa?" Nikasema dada yangu alimuzaa, mi nilimulea. Akasema ku karte imeandikwa nilimuzaa. Nikamueleza kwetu mama mudogo ni mama, hakuna mutu Bukavu anakuuliza tumbo gani. Akanielewa, nakwambia, alinielewa kabisa. Lakini akasema karatasi haielewi.

Sasa banataka mumoja wetu aweke sahihi ya kusema we si mutoto wangu. Hapo dosiye ya makaratasi ya Baba na yangu itaendelea, na yako itaanza upya peke yake, miaka ngapi, ni bahati tu. Bila sahihi, dosiye yote inalala.

Usijilaumu. Mi njo nilikwambia useme yote.

Mama yako,
Godelive


Lilongwe, 28 Machi 2010

Mama mudogo,

Salamu. Natumaini Baba anaweza kutembea.

Niweke sahihi gani? Kama nisingefungua kinywa changu! Kila mutu anajua mu interviu unajibu kidogo, mi nikaenda kupikia yule bibi sambaza yote na mwiba zake. Juzi nimeunguza samaki ya Mai mara mbili. Anasema nina homa.

Na we pia, juu ya nini hukunifundisha? Batoto ya Ntahomvukiye banajifunza hadithi hata za uongo, na dosiye yao inatembea. Siye tuko na ukweli, na ukweli umetukata shingo. Nina hasira na we, na nina haya ya kuwa na hasira na we. Weka sahihi, Baba apone.

Mutoto wa dada yako,
Charlène


Dzaleka, 20 Juni 2010

Charlène mutoto wangu,

Baridi imeingia, jifunike. Baba anakusalimia, ameniomba nimushikie kalamu aandike jina lako mwenyewe, ona hapo chini, imepinda lakini ni yake.

Usiniite tena mama mudogo. Ukitaka kunipiga, chukua fimbo.

Sitaweka sahihi. Nilienda mpaka mulango wa biro mara mbili. Mara ya pili nilishika kalamu. Lucie alikufunga mugongoni mwangu kwa kitenge chake mwenyewe, na miaka yako sita, akarudi mu vita kutafuta mama yetu, na hakutoka tena kule. Nitaandika nini pale? Eti alifunga mutoto mugongoni mwa mutu mwingine? Baba amesema nisiandike. Anasema kwa sauti kubwa, halafu muchana kutwa anajipapasa miguu.

Mama yako,
Godelive
TÉLESPHORE


Lilongwe, 5 Desemba 2010

Mama yangu,

Uko muzima? Mi niko. Soma hii barua ukiwa umekaa.

Ile siku nilikuja kwetu bila kusema, na kikapu ya usipa na maembe, ukafurahi ukadhani Mai amenipa likizo. Mama, nilikuwa nimetoka biro. Nilifika Dzaleka asubuhi, nikapita kwao kabla ya kupita kwako. Bakanisomea mara mbili: mama yangu ni Lucie, alikufa, na sina mama mwingine. Nikaweka sahihi. Kalamu yao ilikuwa inavuja, wino uliingia mu kucha, we uliona ukaniuliza kama ni rangi, nikacheka.

Nilicheka mingi siku ile. Nilimulisha Baba kwa mukono, akanitania eti chambo ya Lilongwe imenifanya bibi mukubwa. Uso wake ulikuwa umevimba mpaka macho yamekuwa madogo. Nilishindwa kuangalia, njo juu ya ile nilienda kuosha sufuria yenye ilikuwa safi.

Usinirudishie neno, na usiende kuwaambia eti nilidanganya. Bakiita majina yenu, muende. Na kama mama yeyote alinizaa mara mbili, ni we.

Mutoto wako,
Charlène


Uwanja wa ndege, Lilongwe, 27 Januari 2011

Charlène,

Sikuulizi kama uko muzima, nakuona. Naandika juu ya magoti, na dereva wa bisi yetu amekubali kukuletea hii karatasi pale nje ku waya ya uzio.

Sikukujibu, juu ya kila barua niliyoanza ilikuwa inataka kunipeleka biro kukana ile sahihi. Asubuhi hii Baba alibebwa mu bisi na bantu babili. Hapo njo niliacha mawazo ya kwenda biro.

Nilikutumia neno kwa Cirhuza usikuje, juu ya bakituona pamoja dosiye italala tena. Ukakuja. Umevaa kitenge cha bluu, unapunga mikono yote miwili, unalia mbele ya bantu sawa mutoto mudogo. Bibi mwenye kushika orodha alikuona akaniuliza: "Mama, yule binti pale ni wa kwako?" Nilimuangalia Baba mu kile kiti cha magurudumu. Nikasema hapana. Akauliza tena, pengine alinihurumia: "Humujui?"

Nikasema simujui. Kwa mudomo wangu, Charlène, na we ukiendelea kunipungia.

Sasa banaita majina. Toka ku ile waya, mutoto wangu, rudi kwa Mai, ukule, ulale. Toka sasa hivi. Ukiendelea kusimama pale, nitawaambia nakujua.

Mama yako,
Godelive