Aliyeimba Makambako

Jumamosi usiku, Makambako, kwa shangazi

Niliwashuku tangu wimbo wa kwanza. Nimetoka Njombe kwa lori, juu ya magunia ya mahindi, baridi ikinitafuna, nimwone mwimbaji wa bendi ambaye santuri yake naijua hadi mikwaruzo. Aliyesimama kuimba leo ni mtu mzima mwenye sauti nzito. Siyo ile.

Kaka Yeremia akasema, "Cheza tu, Neema. Umezidi kuwachunguza watu."

Walipopumzika nilimfuata yule mzee kwenye lori lao, Yeremia nyuma yangu.

"Shikamoo. Ni wewe uliyeimba kwenye santuri?"

"Marahaba. Yule ni mdogo wangu. Yuko Sauzi, anachimba dhahabu. Nyimbo hazikumlisha."

Basi tumedanganywa. Nilitaka kulia, lakini Yeremia hakukasirika hata kidogo. Alimuuliza mzee yule mdogo alijiandikisha wapi kwa kazi ya migodi, na malori ya kwenda Mbeya hupita hapa saa ngapi.

Tuliporudi alikwenda kulala moja kwa moja. Shangazi anadhani ni uchovu. Mimi namsikia akijigeuza chumba cha pili, na sasa nashuku kwamba si muziki uliomleta huku.

Nimevichukua viatu vyake nikavificha uvunguni mwa kitanda changu.