Kiungo Ambacho Macho Yangu Hayakukiona

Jumanne, Omurushaka. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na ajabu umeme haujakatika. Nina furaha leo, ngoja niiandike ikiwa bado ya moto.

Wiki iliyopita Mwalimu Kokushubira, aliyenifundisha darasa la nne kule Ihembe, alikuja dukani kwangu ninakotengeneza simu na kompyuta. Kwa miaka mingi amewarekodi wazee wakisimulia kwa Kinyambo, lugha yetu, akaziweka sauti zao kwenye tovuti ya bure. Sasa wenye tovuti wanaifunga mwisho wa mwezi. Aliniomba nimshushie sauti zote kabla hazijafutwa.

Nikaanza kwa mkono. Nafungua ukurasa, nanakili anwani ya kila kiungo kinachofungua sauti, nabandika. Siku mbili nzima.

Naungama: siku ya pili nilianza kuruka kurasa, nikijiambia hatajua.

Aibu ndiyo iliyonisukuma kutafuta njia nyingine. Nikapata maktaba ndogo ya JavaScript, yaani msimbo wa kompyuta ambao mtu ameshauandika ili wengine wautumie, faili moja tu. Unaipa HTML, yale maandishi ya ndani ya ukurasa yanayosomwa na kompyuta, nayo inakurudishia anwani za viungo vyote vilivyomo. Haijidai kufanya kingine. Leo asubuhi niliandika mistari sita, nikaipa kurasa zote, ikamaliza kazi kabla sijamaliza hata kikombe cha chai.

Anwani nilizoruka zote zilikuwemo. Na ilikuwemo moja ambayo nisingeiona hata kwa uaminifu wote: kiungo kilichowekwa bila neno lolote la kubofya. Kwenye skrini palikuwa patupu. Ndani ya HTML anwani ilikuwepo, nzima kabisa.

Nikampigia Mwalimu. Alifika mchana, mabega yameloa. Nikaifungua anwani ile. Ikatoka sauti ya mwanaume, taratibu, ikieleza kwa Kinyambo jinsi ya kuandaa kahawa ya kutafuna ya kuwapa wageni.

Mwalimu akavua miwani.

Ni marehemu mumewe. Alimrekodi miezi michache kabla hajafariki, kisha akaamini kwamba aliifuta rekodi hiyo kwa bahati mbaya. Hakuwahi kumwambia mtu, hata watoto wao.

"Nilikuwa nimeanza kuisahau sauti yake," alisema. Tukaisikiliza mara tatu.

Nilishindwa kukaa kimya, nikamweleza jinsi nilivyokuwa naruka kurasa. Aliniangalia vilevile alivyokuwa akiniangalia darasani.

"Lakini ulirudia kazi, mwanangu."

Yakaishia hapo.

Alipoondoka nililisoma faili lile lote, mstari kwa mstari. Msimbo mfupi, safi, hakuna neno la ziada. Aliyeuandika simjui, wala sijui yuko nchi gani, ila alikumbuka hata viungo vitupu.

Kesho nitamwandikia kumshukuru, kwa barua pepe aliyoiacha juu ya faili. Nianzie wapi: kwenye usafi wa msimbo wake, au kwa mama mmoja aliyerudi Ihembe kwenye mvua, simu ikiwa sikioni, akimsikiliza mumewe?