Leseni Fupi Kuliko Zote

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimejulikana! Ndung'u, fundi wa makabati kule Njiru, amenipigia — simjui, hanijui. Amenunua app ya kupanga vipande kwenye ubao wa MDF kabla ya kukata, na chini kabisa kumeandikwa: Wanza, mwalimu wa hesabu, Kayole. Na namba yangu! Ni ile programu niliyoiandika likizo ya Desemba nikaiweka mtandaoni bure. Nimeenda dukani kichwa juu. Nikanunua maziwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeisoma leseni niliyoiwekea. Mara ya kwanza. Niliichagua kwa kuwa ilikuwa fupi kuliko zote — mimi ninayewafokea wanafunzi wasome swali mara mbili! Inasema yeyote aitumie, aibadilishe, hata aiuze, mradi jina langu libaki. Kampuni inayouza app hiyo imetii neno kwa neno. Namba ya simu niliiongeza mwenyewe. Mbwembwe tu.

Alhamisi, 6 Machi

Ndung'u tena, moto. "Mwalimu, hii kitu yako imeniharibia mbao sita! Kila ubao, kipande ya mwisho imetoka fupi."

Nikamsomea leseni: hakuna dhamana yoyote. Akauliza: "Sasa hiyo ndio nitaambia customer?"

Nimepiga hesabu upya. Kosa ni langu, si la kampuni. Nilisahau msumeno! Darasani mstari hauna unene. Kwa fundi, kila mkato unakula milimita tatu. Nimeona aibu hadi nikazima simu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempigia Kate wa ile kampuni. Mpole sana. Anasema nirekebishe, niweke palepale mtandaoni, wao watachukua. Na mimi nitapata nini? Akashangaa kweli: "Si wewe ndio uliandika ni free?"

Niliandika.

Jumamosi, 8 Machi

Marekebisho tayari. Mistari minne! Lakini tangu asubuhi nasoma leseni nyingine, ndefu, inayomlazimisha anayeuza naye kuiweka programu yake wazi kwa wote. Nataka kuwabana. Nataka sana! Kate anasema nikibadilisha leseni, mawakili wao watakaa nayo wiki tatu. Nikiacha ile fupi, jioni hii kila fundi anayo.

Ndung'u amepiga, msumeno unanguruma nyuma yake. Ameazima mbao zingine, app inasema akate hapa, akate? Nimemwambia azime msumeno kwanza, aache milimita tatu kila mkato. Ameshukuru. Kisha: "Na wale wengine, nani anawaambia?"

Nimesema nitaona.

Ile ndefu nimefika ukurasa wa tatu. Na Jumamosi ndiyo mafundi hukata zaidi.