Wakati Uliopita wa Bring

3 Machi 2016

Baba, shikamoo. Natumai mguu umepoa na unalala vizuri.

Mchumba wangu hajatia kitu mdomoni tangu juzi. Baba, yule ni fundi seremala. Alikuja kuniposa, hakuja kwako kuomba kazi ya ualimu. Wewe ndiye uliyeng'ang'ania aeleze kwa Kiingereza kilichomleta. Alipotamka "I bringed my uncle," ulimrudisha ayaseme tena na tena, mpaka shangazi zangu wakashika mbavu. Mwombe radhi, tafadhali. Nampenda.

Binti yako

9 Machi 2016

Mwanangu, marahaba. Mguu ni vilevile, namshukuru Mungu.

Neno ni brought. Sikuzeekea darasani ili lije kuchinjwa sebuleni kwangu. Wajukuu zangu nao waongee hivyo? Lakini mimi si katili. Arudi Jumapili na huyo mjomba wake. Akijibu sawasawa, nitawapa baraka zangu.

Baba yako

22 Machi 2016

Baba, shikamoo. Habari za mguu leo siulizi.

Wiki nzima alipiga randa huku anakariri: brought, caught, taught. Wewe ukamuuliza wakati uliopita wa cut. Akajibu, "Cut." Alipatia, Baba! Ukavua miwani, ukamkazia macho: "Una uhakika, fundi?" Akatazama huku na huku, akaingiwa na shaka. "Cutted." Ulicheka mpaka chai ikakupalia.

Mjomba wake, aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi, akasimama. "Twende zetu, mwanangu." Nami nikatoka nyuma yao. Nguo zangu wagawie unaowataka.

Binti yako

2 Novemba 2020

Mwanangu mpenzi, hujambo? Mumeo hajambo? Shangazi yako kaniambia una mtoto wa kiume, tena ana maneno kama kasuku. Moyo umenicheza.

Mimi naishi peke yangu sasa, na macho yamekuwa mazito. Siku ile nilikuwa natania tu, mama. Nije lini nimpakate mjukuu wangu?

Baba yako

14 Novemba 2020

Shikamoo. Sisi wazima wa afya.

Barua yako nilimsomea mume wangu. Alisema uje, moyo wake ni mwepesi kuliko wangu. Ninayekataa ni mimi. Mtoto aliwahi kuniuliza babu yake yuko wapi, nikamwambia alishafariki. Alilia kidogo, akazoea.

Usije ukamtisha.

Mama yake